Sina Neno, Alisema Pacha

Niliwaacha mlangoni, na mimi mwenyewe nikabaki palepale: mkono kwenye kitasa cha nyumba ya baba, sikio kwenye ubao, nikisikiliza kicheko cha mwanamke aliyekuwa ndani.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, mambo ni haya. Mchumba wangu alihamishwa kikazi, na mapenzi yake yakahama pamoja naye. Mama yangu alikwisha tangulia zamani. Nikabaki na watu wawili duniani: baba, ambaye ni fundi makochi, na Pacha, msichana tunayepanga naye chumba. Kisha shangazi, dada yake baba, akanipigia simu.

"Baba yako amepata mtu," akaniambia. "Njoo Jumamosi umwone. Na tafadhali, usije na ule uso wako wa msibani."

Nilikuja na uso mwingine. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha chooni kazini, hospitali ya meno, nikitabasamu na kusema, "Karibu nyumbani kwetu," mpaka mgonjwa mmoja akagonga kuuliza kama mle ndani tuko wawili.

Lakini kicheko kile nilikijua. Kila asubuhi hukisikia upande wa pili wa pazia, kikinidhihaki kwamba nalala kama gunia.

Nikasukuma mlango.

Pacha alikuwa amekaa katikati ya sebule, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Shangazi alikuwa pembeni yake. Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kati ya midomo.

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Haya," shangazi akasema. "Kaja mwenyewe. Sasa kila mtu ameshamwona kila mtu, aibu imekwisha."

Aibu ilikuwa ndiyo kwanza inavua viatu.

Nikamtazama Pacha. Pacha akatazama zulia. Nikamtazama baba. Baba akaonyesha mdomo wake kwa kidole, kwamba ana misumari, hawezi kusema.

Mjue jambo hili kuhusu baba yangu. Mafundi makochi wote hushika misumari kwa midomo ili mikono ibaki na kazi. Baba huishika hata kazi ikiwa imekwisha. Nilipokuwa mdogo nikimwuliza mama amekwenda wapi na atarudi lini, alikuwa akitia misumari mdomoni na kuanza kugonga mbao isiyohitaji kugongwa. Kwetu, misumari ni mlango. Ikiingia, umefungwa.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo baba," nikasema.

"Mmh," akajibu baba kwa misumari.

Kwa Pacha sikujua niseme nini. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia, "Mwenzangu, umenimalizia mafuta ya nywele." Je, mtu kama huyo sasa anasalimiwaje?

Pacha si ndugu yangu wa damu. Siku ya kwanza chuoni tulifika tumevaa magauni ya kitambaa kimoja, kila mmoja kashonewa kwao, hatujuani. Mwalimu akauliza, "Ninyi mapacha?" Darasa likacheka, na jina likaganda kama gundi. Mimi nikasomea kazi ya hospitali za meno. Sasa nakaa mapokezi na kuwaita wagonjwa, ingawa sauti yangu haijawahi kufika benchi la tatu. Yeye akapata kazi duka la vitambaa. Baba akihitaji kitambaa cha makochi, nilikuwa nikisema, "Usihangaike, mwenzangu atakuletea."

Mimi ndiye niliyesema. Maneno haya ya mdomo wangu.

Mara ya kwanza nilipompeleka pale, alinivuta mkono nje ya mlango. "Nimwite nani?" akaniuliza. Pacha hakuwahi kuwa na baba. Alilelewa na bibi yake, na mahali pa jina la baba kwenye fomu zake palikuwa na kistari.

"Mwite Baba," nikamwambia. "Kama mimi."

Akaingia akasema, "Shikamoo Baba." Alilisema neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chai kuona kama ina sukari. Ilikuwa nayo. Siku ile nzima alilirudiarudia bila sababu. Baba, maji haya hapa. Baba, nyundo yako. Baba, mimi naenda. Nilicheka sana. Nilijiona tajiri, mtu mwenye kitu kingi kiasi cha kumgawia mwenzake.

"Kaa basi, mwanangu," shangazi akanirudisha sebuleni. "Umesimama kama mdai."

Nikatafuta pa kukaa, na hapo ndipo nilipoona baba alikuwa akigonga nini.

Lilikuwa kochi la mama.

Nyumba yetu ina makochi ya watu. Yanakuja yamechanika, yanaondoka yamependeza. Letu ni lile moja tu, la dirishani, lenye maua ya rangi ya chungwa ambayo siku hizi ni ya rangi ya chai. Tangu mama aondoke baba hakuligusa. Sponji ilitokeza kwenye mkono wa kulia, pale mama alipozoea kuchoma sindano zake. Wateja walikuwa wakitania, "Fundi, na hili linangoja nini?" Baba alikuwa akitia misumari mdomoni.

Sasa lilikuwa limevalishwa nusu. Kitambaa kipya, cha buluu, kimevutwa hadi kiunoni. Nilikijua. Kilikaa chumbani kwetu wiki nzima chini ya kitanda cha Pacha, na nilipomwuliza alisema ni oda ya mteja.

Nikasema moyoni: basi hata pale alipokaa mama pamefutwa.

"Mwanangu," shangazi akaanza, "mimi sizungushi maneno. Baba yako hajazeeka. Anakula peke yake, anaongea na nyundo. Huyu binti anamjali. Ana adabu, ana kazi, hana makuu. Mimi ndiye niliyewapelekea maneno, kwa sababu kaka yangu kwa kujisemea ni ziro. Nikamwuliza huyu, je, tukikuomba uje kukaa hapa moja kwa moja, utasemaje? Na yeye, kwa heshima yake, akanijibu nini? Mwambie mwenzio ulichonijibu."

Pacha hakuinua kichwa.

"Nilisema, mwulizeni mwenzangu kwanza. Akikubali yeye, mimi sina neno."

"Umesikia? Sina neno. Msichana wa siku hizi, akataka ridhaa yako kwanza. Wengine wangeingia na mabegi."

Kumbe ndiyo maana. Majuma kadhaa Pacha alikuwa amebadilika. Alikuwa akizima taa kabla sijamaliza kusimulia siku yangu. Alikuwa akianza, "Mwenzangu, kuna jambo..." kisha anasema basi, nimesahau. Nami nilidhani amepata mchumba na anaona haya kufurahi mbele ya jeraha langu. Nilikuwa hata nimemwandalia maneno ya kumruhusu.

Na tazameni upweke ulivyo na ujanja. Siku mchumba wangu aliponiacha, nililia begani kwa Pacha hadi blauzi yake ikalowa. Yangekuwa mengine, ningetoka pale nikimbilie begani kwake. Ningemwambia, "Pacha, baba anaoa, na mwanamke mwenyewe ni rafiki yangu." Angejibu kitu cha kunichekesha. Ila bega ndilo lilelile. Aliyekuwa akinifuta machozi ndiye aliyekuja nayo safari hii.

"Baba," nikaita.

Akainua macho. Misumari mdomoni.

"Ni kweli?"

Akagonga msumari mmoja. Akagonga wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akaweka kiganja chini ya kidevu, akaitema misumari yote.

"Ni kweli, mama," akasema.

Huniita mama tangu nikiwa mtoto. Akina baba wengi huwaita hivyo binti zao, lakini kwangu tangu mama aondoke jina hilo lilikuwa limezidi uzito, kama koti la mtu mzima lililobaki msumarini likapewa mtoto alivae.

"Mimi sijui kusema," akaendelea. "Nyumba imenyamaza mno. Huyu akija, pana sauti. Nikasema labda ni jambo jema. Lakini wewe ukisema halifai, halifai. Nitaking'oa kitambaa hiki sasa hivi na hakuna atakayekununia."

"Nitanuna mimi," shangazi akasema.

"Wewe umezaliwa umenuna," baba akamjibu, na akatabasamu. Alitabasamu. Meno yaleyale ya pengo ambayo sikuwa nimeyaona tangu sijui lini.

Nikainama karibu na kochi ili nisionekane macho. Na pale nilipoinama, kwenye pindo ambalo bado halijapigiliwa, niliona kitu chini ya buluu.

Maua ya rangi ya chai.

Nikashika pindo, nikalifunua kidogo. Kitambaa cha mama kilikuwa chote pale. Hakukitoa. Alikuwa anavalisha kipya juu ya kile cha zamani.

Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Baba yangu aliwahi kumfukuza msaidizi kwa kosa hilohilo. "Fundi anayefunika kitambaa juu ya kitambaa ni mwongo," alikuwa akisema. "Vua kwanza. Fika kwenye mbao. La sivyo unamuuzia mtu uchafu wa zamani kwa bei ya usafi." Hajawahi kufunika, hata kwa mteja aliyeomba mwenyewe.

"Baba, hujavua," nikasema.

Akaona nilichoona. Akakuna shingo.

"Hilo sikuweza," akasema. "Hicho kibaki hukohuko chini. Nani atajua?"

Ningekuwa na moyo wa chuma ungeyeyuka. Nilielewa kwamba hakuwa akimfuta mtu. Alikuwa akitafuta pa kukaa bila kumkalia mama.

Nikamtazama Pacha, ambaye sasa alikuwa akinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Macho yake yalikuwa makubwa na yalinisihi. Nami nikajiambia najua yanasihi nini. Tumelala chumba kimoja miaka. Nani atamsoma kama si mimi?

Nikaita ile sauti yangu ya mapokezi, isiyofika benchi la tatu, nikaisukuma kwa nguvu zote.

"Sina neno, baba."

Shangazi akapiga makofi. "Nilijua! Mtoto ana roho ya mama yake. Tena msikilize, binti," akamgeukia Pacha, "kuanzia leo acha lile baba, baba lako. Nimeshakuambia tangu juzi. Mume haitwi baba hata nyumba ikiungua. Utawaita majirani waje kukushangaa."

"Nimwite nani?" Pacha akauliza kwa sauti ndogo.

Swali lilelile, nyumba ileile. Sikulisikia. Ningelisikia, ningewaandikia habari nyingine leo.

"Mwite fundi kwa sasa. Mengine yatakuja yenyewe," shangazi akasema, akabeba mkoba wake. "Nakwenda kununua soda. Jambo hili halinyweki na maji."

Akatoka. Baba akarudi kwenye kochi lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikamsikia akipiga mluzi. Mluzi mbovu, usio na wimbo. Misumari ilikuwa mezani.

Pacha akainuka akakusanya vikombe ambavyo havikuwa vichafu, akaenda navyo jikoni. Nikamfuata. Nilikuwa nimepanga kumkumbatia. Nilikuwa nimepanga hata utani: nitamwambia kwamba kuanzia sasa ni zamu yake kuninunulia mafuta ya nywele, maana mzazi ndiye hulea.

Nikamkuta ameinamia beseni, bomba limefunguliwa, anasuuza kikombe kimojakimoja, na mabega yanatikisika.

"Pacha," nikamwambia, "usilie, mwenzangu. Mimi sikukasirika. Nilishtuka tu. Nimekubali kwa moyo mmoja."

Akageuka. Sijawahi kuona uso wa namna ile ukinitazama mimi.

"Kwa nini umekubali?" akasema.

"Eh?"

"Kwa nini umekubali? Mimi nilikuwa nangoja ukatae."

Maji yalikuwa yakitiririka. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Pacha, wewe ndiye uliyesema huna neno."

"Sikuwa nalo! Ndiyo maana nikasema." Akafunga bomba, akashusha sauti. "Shangazi yako kanikalia dukani saa nzima, mbele ya wateja, ananisifia mpaka natoka jasho. Mzee wa watu kanikarimu, kanipa chakula, kanitengenezea kitanda kilipovunjika, hajawahi kuninyooshea hata kidole. Nitamwambiaje hapana mtu kama huyo? Kwa mdomo upi? Nikasema, mwulizeni mwenzangu. Nikajua wewe utakataa. Mtu gani anakubali rafiki yake aolewe na baba yake? Utakataa, nitajifanya nimesikitika, na maisha yataendelea."

"Lakini ulikuwa unacheka. Nilikusikia nikiwa mlangoni."

"Kicheko kipi?"

Nikakikumbuka. Mola wangu, nikakikumbuka vizuri. Hakikuwa kile cha asubuhi nyuma ya pazia. Kilikuwa kile cha dukani, anachowapa wateja wanaoomba kupunguziwa bei mpaka wapewe bure. Tumeshakiigiza sote chumbani tukagaragara. Nilikisikia kwenye ubao wa mlango nikakipa maana niliyokuja nayo.

"Mwenzangu," Pacha akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mikono yote ina povu, "mimi sikutaka mume hapa. Wewe ulinipa baba. Ulinipa mwenyewe pale nje, ukasema mwite kama mimi. Nimekaa maisha yangu yote bila neno lile, nimelipata, na sasa wananiambia nilirudishe nichukue lingine. Juzi nilikuja na kitambaa, nikasema shikamoo, nikaishia hapo. Sikujua nimalizie nini. Nilirudi nikalia kwenye ngazi za duka."

Nilikuwa nikihesabu adabu zetu. Yeye alikubali kwa kunitegea mimi. Mimi nikakubali kwa kumhurumia baba. Na baba, mwenye misumari yake, labda naye asingethubutu kama dada yake asingemwambia kwamba msichana yuko tayari. Watu watatu wanaopendana, kila mmoja kamfanyia mwenzake wema, na wema wote ukajumlishwa ukazaa balaa. Maadui wasingefanikiwa hivyo. Adui angalau hukwambia hapana.

Upande wa pili mluzi ulikuwa ukiendelea.

"Lazima aambiwe," nikasema. "Sasa hivi, shangazi hajarudi."

"Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni mwanawe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno mwanawe lilimtoka kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima, ameifua, ameikunja.

Nikaenda.

Baba alikuwa amemaliza upande mmoja. Buluu ilikaa vizuri, nyororo, huwezi kujua chini kuna nini. Akapangusa kiti kwa kiganja.

"Kaa, mama," akasema. "Uwe wa kwanza. Niambie kama springi zinapiga."

Sikukaa.

"Baba, kuna jambo."

"Nimemsikia analia," akasema. Uso wake ulikuwa laini, wa kijana. "Mbao hizi hazifichi kitu, ila maneno sikuyapata. Ni furaha, eh? Mama yako naye alilia hivyohivyo. Wanawake mnachanganya mafaili."

"Baba, si..."

Mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Pacha alisimama pale, mikono bado ina povu, likidondoka sakafuni. Alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Akaufungua tena.

"Baba," akasema.

Neno moja. Lile alilokatazwa. Hakuongeza kitu, na hapakuwa na haja. Lilisimama katikati ya sebule, na kila mmoja wetu akalielewa.

Nyundo ya baba ilibaki hewani. Kisha akaiweka chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nilimwona uso wake ukizeeka, kwanza macho, halafu mdomo. Akanyoosha mkono mezani akachukua misumari. Nikajua anaitia mdomoni, na safari hii mlango hautafunguka tena.

Hakuitia. Aliifumbata kiganjani.

Wala hakumtazama Pacha. Alinitazama mimi. Alitazama mlango wa jikoni nilikotoka, akatazama povu, akatazama macho ya mwenzangu yaliyovimba, akanirudia mimi. Na nikaona, kama ninavyoona wagonjwa wakijumlisha bei kichwani, anavyojumlisha: msichana aliyekuwa tayari, binti aliyekubali mbele za watu, jikoni wawili peke yao, kisha hili.

"Wewe," akasema. Hakuniita mama. "Hapa mbele yangu umesema huna neno."

"Ndiyo, baba."

"Basi huko jikoni umempa neno gani?"

Nje nilisikia chupa za soda zikigongana na sauti ya shangazi ikimsimulia jirani.

Nikamgeukia Pacha aseme. Pacha alikuwa amefunika uso kwa mikono yake yenye povu.

Nikafungua mdomo. Sikuwa na neno.